Umebakiwa na 32

Haya ndiyo niliyowaambia vijana wa klabu yetu ya vishale (darts), wazazi wao na wenzangu wa zamani, Jumamosi jioni hapa Sinza. Nimeyaandika karibu sawa na nilivyoyasema.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Kaka zangu mlionitangulia katika mchezo huu, shikamooni. Wazazi mliokuja kujionea watoto wenu wanafundishwa nini, karibuni sana, maana maneno mengi ya leo nimewaandalia nyinyi. Na nyinyi wanangu, marahaba.

Kwanza naomba feni ile izimwe. Joto nalijua. Lakini kishale cha gramu 22 kikipita chini ya feni hupinda kidogo, na kidogo hicho ndicho kilichonileta hapa. Asante, mwanangu.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie maisha ya mchezaji wa vishale wa kulipwa. Mimi sikuwahi kulipwa. Nilikuwa karani bandarini miaka 31, na jioni nikitoka kazini nilikuwa narusha vishale, Temeke, Magomeni, Kinondoni, popote palipokuwa na ubao na taa. Lakini mchezo huu nimeusoma kama mtu anavyosoma kitabu cha dini, na wale waliofika mbali nimewafuatilia tangu enzi za magazeti hadi sasa mnaponionyesha kwenye simu. Nimeona jambo moja kwao wote. Mchezaji wa kulipwa anajulikana pale pa kumaliza. Kufunga 180 ni raha, na ukumbi wote utasimama. Riziki iko kwenye dabo.

Ngoja niwaeleze wazazi, kwa sababu wengine leo ndiyo mara ya kwanza kuukaribia ubao huu. Mchezaji anaanza na 501, na kila anachopata kinapunguzwa. Anarusha vishale vitatu, anampisha mwenzake. Ile pete nyembamba ya katikati inazidisha namba mara tatu, tunaiita trebo. Trebo ya 20 ni 60, na ukizipata tatu kwa mpigo ndiyo hiyo 180. Pete nyembamba ya ukingoni inazidisha mara mbili, ndiyo dabo. Ili ushinde ni lazima ufike sifuri kamili, na kishale cha mwisho kiingie kwenye dabo, au katikati kabisa ya jicho la ubao, ambalo nalo ni dabo ya 25. Ukizidisha, au ukibakiwa na 1, zamu hiyo yote inafutwa na unarudi ulipoanzia. Pete ya dabo ina upana wa milimita 8. Ni nyembamba kuliko kidole chako cha mwisho, na unailenga ukiwa umesimama mita 2.37 kutoka ubaoni, jicho la ubao likiwa sentimita 173 kutoka sakafuni. Vipimo ni hivyo hivyo London na hapa Sinza. Huu wetu tuliupima jana kwa futi ya fundi, mara mbili.

Sasa ubao wenyewe. Njoo uuguse, mama. Hizo ni nyuzi za mkonge. Zamani Waingereza walirusha kwenye mbao za mti, ambazo ilibidi ziloweshwe maji zisipasuke, na wengine kwenye udongo wa kufinyanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya Nodor ikapata wazo la kukata nyuzi za mkonge vipande vifupi, kuzisimamisha zikitazama nje na kuzibana kwa mkanda wa chuma. Kishale kikiingia, nyuzi zinapishana. Kikitoka, zinarudiana na tundu linajifunga. Bila mkonge mchezo huu usingekuwa ulivyo leo. Na mkonge ni habari ya nyumbani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe huko Pangani. Miaka ya mwanzo ya uhuru nchi hii ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na hakuna nchi duniani iliyotupita. Babu yangu mzaa mama alikata mkonge Korogwe, mikono yake ilikuwa na makovu ya miiba mpaka tunamzika. Kwa hiyo mtu akiniambia vishale ni mchezo wa Wazungu, namwambia aje auguse ubao.

Nawaomba radhi, nimechepuka. Turudi kwenye dabo.

Mwaka 1998 nilicheza fainali katika ukumbi mmoja wa Magomeni. Mpinzani wangu alikuwa fundi seremala wa Keko, mtu wa makamo, mpole, shati lina vumbi la mbao. Usiku ule nilifunga 180 mara mbili, watu wakapiga meza. Yeye hakufunga hata moja. Legi ya mwisho, yaani duru ya mwisho ya kushuka kutoka 501 hadi sifuri, nikabakiwa na 32, yaani dabo ya 16, yeye akiwa bado ana zaidi ya 100. Nilirusha vishale tisa. Zamu tatu nzima. Vingine vilitoka nje ya waya wa pete, vingine viliingia ndani nikawa nabadilisha dabo huku mkono unatetemeka, na mara moja nilizidisha nikarudishwa nyuma. Yule fundi akashuka taratibu, akabakiwa na 16, akaweka dabo ya 8 kwa kishale cha kwanza. Akanipa mkono, akasema, "Pole, mdogo wangu."

Nilimfuata Keko wiki iliyofuata, kwa sababu sikuwa napata usingizi. Nyuma ya karakana yake palikuwa na ubao mkuukuu, na pembeni yake kipande cha plaiwudi kilichojaa alama za chaki. Kila asubuhi saa kumi na mbili, kabla mafundi wake hawajafika, alirusha dabo tu. Dabo 100. Zilizoingia aliziandika, zilizokosa aliziandika. Alinionyesha kwamba dabo ya 16 alikuwa anaipata mara nyingi kuliko dabo ya 20, kwa hiyo hesabu zake zote alizipeleka huko. Mimi nilikuwa nimecheza miaka 12 na sikujua hata dabo yangu ni ipi.

Kwa nini 32? Wanangu mnaijua, lakini semeni na mimi ili wazazi wasikie. Ukilenga dabo ya 16 kishale kikaingia ndani ya waya, umepata 16, unabakiwa na 16, na hiyo ni dabo ya 8. Ukikosa tena kwa ndani, inabaki 8, dabo ya 4. Tena, inabaki 4, dabo ya 2. Tena, inabaki 2, dabo ya 1. Mara zote hizo umekosa na bado uko mchezoni, huhitaji kishale cha kurekebisha. Jirani yake mmoja ni 8. Ukiteleza ukaingia huko unabakiwa na 24, nayo ni dabo ya 12. Sasa chukua mtu aliyebakiwa na 38. Analenga dabo ya 19, anaingia ndani, anabaki na 19, namba witiri, na namba witiri haina dabo. Itambidi apoteze kishale kuitengeneza. Mchezaji wa kulipwa anaanza kuifikiria 32 akiwa bado ana 200 na kitu. Anajua kabla hajafika kwamba 170 inamalizika kwa vishale vitatu, trebo mbili za 20 na jicho, na kwamba 169 haimaliziki kwa vishale vitatu hata kwa miujiza. Hawezi kusimama mstarini akihesabu kwa vidole. Ndiyo maana, mama uliyeniuliza mlangoni kama mchezo huu utamharibia mwanao masomo, nilikujibu uangalie daftari lake la hisabati mwisho wa muhula.

Nitawataja wachache waliofika kileleni, muone walikotoka.

Phil Taylor alikuwa anatengeneza vishikio vya kauri vya vyooni, kiwandani Stoke-on-Trent. Eric Bristow, bingwa mkubwa wa wakati ule, alimwona, akamkopesha maelfu ya pauni ili aache kiwanda azunguke mashindanoni. Mwaka 1990 mkopaji na mkopeshaji wakakutana fainali ya ubingwa wa dunia, na Taylor akamfunga Bristow seti 6 kwa 1, seti ikiwa ni kundi la legi. Kisha akaendelea mpaka akawa bingwa wa dunia mara 16, mara nane kati ya hizo mfululizo, kuanzia 1995 hadi 2002. Nataka mkae na jambo hilo. Kipaji kilikuwepo, lakini alikuwepo pia mtu mmoja aliyetoa fedha yake mwenyewe, akiwa mkali kwelikweli kuhusu mazoezi, na akakubali kupitwa.

Raymond van Barneveld wa Uholanzi alikuwa anagawa barua mitaani. Rob Cross alikuwa fundi umeme. Alipata kadi ya kucheza na wa kulipwa mwanzoni mwa 2017, na tarehe 1 Januari 2018 alimfunga Taylor 7 kwa 2 katika fainali ya dunia, mechi ambayo Taylor aliagia nayo. Fallon Sherrock, Desemba 2019, akawa mwanamke wa kwanza kushinda mechi katika ubingwa wa dunia wa PDC, chama kikubwa cha wachezaji wa kulipwa, akamtoa mwanamume wa kwanza, na siku chache baadaye akamtoa wa pili. Mabinti mliokaa pale nyuma, sogeeni mbele. Huu ni mmoja wa michezo michache ambayo urefu na nguvu za mwili hazikunyimi kitu. Luke Littler alikuwa na miaka 17 aliponyanyua kombe Januari 2025. Alichukua pauni 500,000. Bingwa wa kwanza wa dunia, Leighton Rees, mwaka 1978 alichukua 3,000.

Naona macho yameng'aa. Basi sikilizeni na upande wa pili, maana hapa ndipo vijana wanapodanganywa.

Chama hicho cha PDC kilianzishwa na wachezaji waliojitenga mwaka 1992. Kinatoa kadi 128 kwa dunia nzima. Kadi inadumu miaka miwili, na ikiisha kama haumo katika 64 bora unarudi kwenye mchujo wa Januari, unaofanyika Uingereza na Ujerumani, kugombea upya na mamia ya watu. Nafasi yako kwenye orodha inapimwa kwa pauni ulizoshinda ndani ya miaka miwili. Pauni za Machi hii zitakubeba hadi Machi ya mwaka wa pili, kisha zinafutwa, na kama hukuzirudisha unaporomoka hata kama hujacheza vibaya wiki hiyo. Nauli ni yako. Hoteli ni yako. Viza ni yako. Katika yale mashindano madogo ya mwaka mzima, ukitolewa mapema unaweza kurudi hotelini bila hata senti. Wapo watu wenye kadi ambao bado wanashika kazi nyingine ili watoto wale.

Kwa hiyo mwanangu ukinifuata ukaniambia unaacha chuo au unaacha kazi ya gereji kwa sababu ya vishale, nitakurudisha kwenu, nikusindikize hadi mlangoni. Kazi uliyonayo ndiyo mfadhili wako wa kwanza. Na mashindano ya hapa mjini yana yake. Kuna mwaka tuliahidiwa zawadi ya fedha jukwaani, picha zikapigwa, na waandaaji hatukuwaona tena. Tangu siku hiyo klabu hii haipeleki mtu mahali ambapo zawadi haijaandikwa kwenye karatasi.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi mnaliogopa bila kulisema, basi nitalisema mimi. Pombe. Mchezo huu ulikulia baa, huko Uingereza na hapa Dar. Zamani mabingwa walikunywa na kuvuta sigara jukwaani mbele ya kamera. Mwisho wa miaka ya 1980 pombe ikaondolewa jukwaani, na leo wachezaji wanasimama na glasi ya maji. Nimezika rafiki zangu wawili ambao walikuwa na mkono mzuri kuliko wangu, na sababu wote hapa tunaijua. Ndiyo maana tuliuhamisha ubao wetu kutoka baa tukauleta ukumbi huu, ingawa pale tulikuwa hatulipi pango. Soda na maji vipo. Atakayekuja amelewa hatarusha, awe nani.

Na kuna ugonjwa wa mchezo wenyewe. Wachezaji wanauita dataitisi. Mkono unainuka, unalenga, na vidole vinakataa kuachia. Bristow, bingwa mara tano kati ya 1980 na 1986, ulimpata akiwa kileleni na hakuwahi tena kuwa bingwa wa dunia. Nimeuona hapa hapa, kwa binti mmoja aliyekuwa anakemewa na kocha kila akikosa. Tulimwambia aache kuhesabu mwezi mzima, arushe huku akiongea na wenzake, bila kubandika alama yoyote. Alirudi. Wazazi, mkija kutazama mashindano, msipige kelele mtoto anapokosa. Ameshaona mwenyewe.

Sasa nafika kwenye ombi langu.

Desemba 2025 kijana wa Kenya, David Munyua, daktari wa mifugo, alisimama Alexandra Palace, London, kwenye ubingwa wa dunia. Hakuna Mkenya aliyewahi kufika pale kabla yake. Alikuwa amepita kwenye mchujo wa Afrika. Alipangiwa Mike De Decker wa Ubelgiji, bingwa wa mashindano ya vishale ya World Grand Prix ya 2024. Akafungwa seti mbili za kwanza. Mimi nilikuwa natazama kwenye simu ya mjukuu wangu, na pale nilidhani imekwisha. Akarudi seti ya tatu, ya nne, ya tano. Akashinda 3 kwa 2. Nililia, sioni haya kusema. Alitolewa raundi ya pili, lakini mtu anayetibu ng'ombe jirani yetu hapo ameshamtoa bingwa kwenye jukwaa kubwa kuliko yote. Kutoka hapa kwenda Nairobi ni basi moja la kulala njiani.

Jiji hili linajua kuchanga. Kadi ya harusi ikija, hata ya mtoto wa jirani wa shangazi, tunatoa. Kamati inakaa kila Jumapili, mweka hazina anasoma majina, asiyemaliza ahadi anapigiwa simu. Wiki nne tunapata ukumbi, chakula na muziki wa usiku mmoja. Naomba tuunde kamati kama hiyo kwa ajili ya mchezaji mmoja. Mmoja tu kwanza, mvulana au msichana, atakayeshinda kwa haki mashindano ya ndani ya klabu mwaka huu. Tumlipie pasi ya kusafiria, nauli, malazi na kiingilio cha mchujo wa Afrika. Mweka hazina atoke kwa wazazi, asitoke kwa wachezaji. Daftari liwe wazi, liwekwe pale mezani kila Jumamosi. Mimi naanza na shilingi 200,000 za kiinua mgongo changu, na hizi hapa, nisije nikaitwa mtoa ahadi.

Na huyo mchezaji hatachaguliwa kwa 180. Tutachagua kwa madaftari. Kuanzia leo kila mmoja wenu awe na daftari la kurasa 96, la kawaida, la shule. Kila siku dabo 100. Ukiweza kuamka alfajiri kama fundi wangu wa Keko, vizuri, ukishindwa, usiku. Andika zilizoingia kwa kila namba. Ukiugua andika umeugua. Umeme ukikatika andika umeme umekatika. Baada ya miezi mitatu nitakaa na kila mmoja tusome pamoja, na nitajua nani amerusha na nani amejaza namba usiku wa kuamkia kukaguliwa, kwa sababu namba za kweli hupanda na kushuka ovyo, na za kubuni hupanda tu.

Yule fundi seremala alifariki mwaka 2011. Mkewe alinipa kile kipande cha plaiwudi. Ndicho hicho kimetundikwa pale kando ya ubao, na chaki yake tumeifunika kwa karatasi ya nailoni isifutike. Mkisimama mstarini mtakiona.

Haya, nimemaliza maneno. Feni ibaki imezimwa. Mwandishi wa alama, shika chaki. Wewe binti wa shati la kijani, njoo mstarini uanze. Vishale vitatu. Umebakiwa na 32.